Dari Mpya Ingoje: Jibu kwa Mwalimu Anayeuza Nyumba Nkuhungu

Shikamoo Mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kwa faida ya wasomaji wengine nitaieleza kwa ufupi kabla ya kuijibu. Wewe ni mwalimu mstaafu, una nyumba ya vyumba vinne Nkuhungu, jijini Dodoma, uliyoijenga kidogo kidogo kuanzia mwaka 1994 kwa matofali ya saruji na mabati ya migongo. Watoto wamekwisha kujitegemea, nawe na mama mmeamua kuiuza ili mrudi Kondoa mkakae karibu na ndugu. Dalali aliyekuja kuiona amekushauri ubomoe dari ya siling bodi na kuweka ya jipsamu yenye taa za kuzama, upige pevingi uwanja wote wa mbele, ukate mzabibu uliotambaa juu ya banda la gari, kisha upake rangi nyumba nzima ili "iwake". Ninyi mna shilingi milioni 3 na miezi miwili, Septemba na Oktoba. Unauliza uanzie wapi, tena unauliza umfanyeje mama, ambaye hataki hata sufuria moja itoke stoo.

Nianze na jibu lenyewe: dari ya jipsamu na pevingi viache. Si vitu vibaya, lakini vitameza fedha zako zote na mnunuzi hatakurudishia. Kazi yangu ni kukagua nyumba kwa niaba ya wanunuzi kabla hawajatia saini, kwa hiyo huingia katika nyumba kama yako nikiwa upande wa anayetafuta kasoro, na nimejifunza kwamba ukongwe wa nyumba haushushi bei kama mashaka yanavyoishusha. Mnunuzi akiona doa la maji kwenye pembe ya dari, hahesabu gharama ya msumari mmoja uliolegea. Anahesabu paa zima, anaongeza na yale asiyoyaona, halafu jumla hiyo anaikata kwenye bei uliyotaja. Na mashaka ya mnunuzi wa Dodoma, hasa yule aliyehamia hapa kutoka Dar es Salaam tangu Serikali ilipoanza kuhamisha watumishi wake mwaka 2016, karibu yote yanahusu maji na udongo. Anaogopa maji ya mvua yatakayoingia ndani, anaogopa maji ya bomba yasiyotoka, na ameshaambiwa na wenzake ofisini kwamba nyumba za Dodoma hupasuka. Fedha zako zitumike kumwondolea hofu hizo, na kazi ya kwanza kabisa haihitaji fedha.

Kazi hiyo ni kupunguza vitu, na ninaiweka mbele ya ukarabati kwa sababu ambayo wengi hawaifikirii. Watu hudhani vitu hupunguzwa ili nyumba ionekane kubwa na nadhifu, jambo ambalo ni kweli, lakini mimi nataka kuta zionekane. Katika nyumba iliyokaliwa miaka thelathini, ufa mbaya kuliko wote uko nyuma ya kabati la vyombo, chumvi imepanda ukutani nyuma ya kitanda cha chumba cha wageni, na mchwa wamejenga njia yao ya udongo nyuma ya mabegi yaliyopangwa stoo tangu mtoto wa mwisho aende sekondari. Huwezi kumwita fundi akukadirie gharama ya nyumba ambayo wewe mwenyewe hujaiona kuta zake. Ukiipaka rangi leo na vitu vikiwa mahali pake, utakuwa umepaka nusu ya nyumba, na nusu ile nyingine mnunuzi ataigundua siku atakayoomba kabati lisogezwe. Mimi huwa naomba lisogezwe.

Kuhusu mama, nadhani ugomvi wenu umetokana na neno mlilolitumia. Kama umemwambia kwamba mnapunguza vitu ili vitupwe, amesikia kwamba miaka yake inatupwa, na hana kosa. Zile sufuria kubwa za shughuli zina watu ndani yake: zimepikia harusi, misiba na maulidi ya mtaa mzima, na huko Kondoa mnakokwenda zitahitajika zaidi kuliko mnavyozihitaji Nkuhungu. Msiseme mnatupa, semeni mnahama, maana ndilo jambo mnalolifanya kweli. Kila kitu kilicho ndani ya nyumba hiyo lazima kiamuliwe kabla ya siku ya kukabidhi funguo, na tofauti iliyopo ni kama mtaamua sasa mkiwa na utulivu, au mtaamua mnunuzi akiwa ameshalipa na gari limesimama nje. Mwombe mama achague mwenyewe vya kwenda Kondoa, vifungwe, vipewe alama, na vitangulizwe kwa ndugu kwa gari moja mwanzoni mwa Septemba. Mkitanguliza sufuria, magodoro ya akiba, cherehani isiyotumika na nguo za msimu wa baridi, stoo itakuwa wazi bila mtu kuumia. Tena kuna jambo la kisheria ambalo pengine litalainisha mazungumzo: kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba wanayoishi wanandoa haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo mama si mtu wa kubembelezwa kuhusu vyombo tu, bali ni mwenye sauti katika mauzo yenyewe. Mketi naye kwa heshima hiyo.

Vitu vibovu ni habari nyingine. Friji lisilogandisha, televisheni ya chogo, feni zilizoungua na baiskeli isiyo na magurudumu viitieni wanunuzi wa vyuma chakavu, ila mvipime kwanza kwa mizani ya jirani, kwa sababu mizani yao huwa ina matatizo ya macho. Matofali, kokoto na mbao zilizobaki nyuma ya nyumba viuzeni au mmgawie jirani anayejenga, na mbao zitangulie, maana mbao zilizolala chini katika ardhi hii ni chakula cha mchwa, nao wakishiba hapo huhamia kwenye fremu za milango yenu. Mabati mawili au matatu yaliyosalia msiyauze, kwa kuwa mtayahitaji mkitengeneza paa, na bati la zamani lenye migongo inayolingana na yenu si rahisi kulipata dukani sasa. Marumaru zilizobaki za bafuni nazo zihifadhiwe katika boksi lililoandikwa, ili mnunuzi akabidhiwe pamoja na nyumba.

Makaratasi yasiguswe na mtu mwingine isipokuwa wewe. Ninajua walimu: kuna maboksi ya madaftari, mitihani ya zamani na maazimio ya kazi, na katikati ya madaftari hayo mna risiti ya mabati ya mwaka 1996 na barua ya kiwanja. Tenga hati au mkataba wa kiwanja, kibali cha ujenzi, ramani, risiti za kodi ya pango la ardhi, na kila risiti ya saruji, nondo na fundi utakayoikuta, hata iwe imepauka. Kodi ya faida itokanayo na mauzo hukokotolewa baada ya kutoa gharama ulizotumia kupata na kuendeleza nyumba, na gharama isiyo na ushahidi ni ngumu kuitetea. Sheria pia ina nafuu yake kwa nyumba ambayo mtu ameishi mwenyewe, kwa masharti, hivyo nendeni mkaulize Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kutaja bei kwa mtu. Na kwa kuwa mlipata kiwanja miaka ya tisini, huenda karatasi yenu ilitolewa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyovunjwa mwaka 2017 na shughuli zake kuhamishiwa halmashauri. Kama ndivyo, fika ofisi ya ardhi ya Jiji mapema uhakiki hali ya umiliki wako, usisubiri mwanasheria wa mnunuzi awe wa kwanza kuuliza.

Samani zinazobaki ziwe chache. Seti mbili za makochi katika sebule moja humlazimisha mgeni kutembea ubavu ubavu, na mtu anayetembea ubavu haoni ukubwa wa chumba. Bakizeni seti moja, meza moja, na njia iliyonyooka kutoka mlangoni hadi dirishani. Kuhusu picha za familia, wako washauri wanaosema ziondolewe zote ili mnunuzi ajione yeye mwenyewe ukutani. Mimi sioni haja hiyo katika jamii yetu, na kalenda ya msikiti au vyeti vya ualimu havijawahi kumfukuza mnunuzi niliyemjua. Picha za wajukuu tu ndizo ningezitoa, kwa sababu watu msiowajua watapita humo na simu zao wakipiga picha kila kona.

Kuta zikishaonekana, panda darini. Chagua saa sita mchana siku yenye jua kali, ingia kwa tundu la dari ukiwa na kijana mwenye miguu myepesi, tundu lifunikwe nyuma yenu, mkae kimya dakika chache mpaka macho yazoee giza. Kila penye tundu la msumari uliolegea patang'aa kama nyota, na kijana azungushie chaki kwenye ubao wa karibu. Mabati ya Dodoma huchoka namna hii kwa sababu mchana huwa na joto kali na usiku wa kipupwe huwa baridi, hivyo bati hutanuka na kunywea kila siku kwa miaka, msumari unapoteza mshiko, na mpira ulio chini ya kofia yake unakauka kwa jua na kupasuka. Fundi asigongelee tena msumari ule ule katika tundu lile lile. Aung'oe, aweke skrubu ya bati yenye mpira mpya na nene kuliko msumari wa awali, na pale tundu lilipokwisha kupanuka aweke kiraka au abadilishe bati, ndipo yale mabati yenu ya akiba yatakapofaa. Akimaliza, mwageni maji juu kwa mpira kwa muda wa kutosha huku mtu akiangalia kutoka darini, kwa sababu mvua ya kweli haitakuja mpaka mwishoni mwa Novemba au Desemba, na hamtaki iwe ndiyo ya kwanza kuwaambia.

Hapo sasa ndipo dari inapohusika, nayo ni kazi ndogo kuliko alivyosema dalali. Siling bodi zilizovimba au kupinda zibadilishwe hizo tu. Zilizo na doa lakini bado ngumu zipakwe kwanza rangi ya mafuta mahali penye doa, kisha rangi nyeupe ya maji juu yake. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja, doa la kahawia litapenya na kurudi baada ya siku chache, na doa lililorudi kwenye dari mpya huonekana kama uongo uliofichuka.

Nyufa zinahitaji subira zaidi, na ninaomba uzisome kabla hujaziziba. Nyufa nyembamba kama unywele zinazotambaa kwenye lipu kama ramani ya mito ni za lipu yenyewe, iliyokauka haraka kwa jua au iliyowekwa saruji nyingi, wala hazina hatari. Ufa unaoanza kwenye kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari, ukifuata maungio ya matofali kama ngazi, huo unatoka chini. Sehemu nyingi za mji huu zina udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, na kwa kuwa tunapata msimu mmoja wa mvua kisha ukame wa zaidi ya nusu mwaka, msingi huinuliwa na kushushwa kila mwaka, upande mmoja zaidi ya mwingine. Dawa yake ya kwanza haiko ukutani, iko chini ya ukingo wa paa: maji yanayomwagika kutoka kwenye paa yasianguke miguuni mwa nyumba. Mwambie fundi amwage zege jembamba lenye upana wa mita 1 kuzunguka upande unaopokea maji mengi, literemke kwenda nje angalau sentimita 5, na pale linapokutana na ukuta pasiachwe mwanya. Mwarobaini ulio karibu na nyumba usiukate sasa kwa haraka, kwa kuwa mizizi yake imekuwa ikinywa maji ya udongo huo kwa miaka, na ukitoweka ghafla udongo unaweza kuvimba na kukufungulia ufa mpya mwezi ule ule wa kuuza; punguza matawi tu.

Baada ya hapo ufa wenyewe ufunguliwe kwa patasi uwe na umbo la herufi V, vumbi litolewe kwa brashi, palowanishwe, pazibwe kwa mchanganyiko usio na saruji nyingi kupita lipu iliyopo, na juu yake kuwekwe utepe wa wavu kabla ya kuskimu, yaani kulainisha uso kwa tabaka jembamba. Ufa wowote unaopita milimita 5 kwa upana, au mlango unaokwama upande uleule kila mwaka, mwitie mhandisi aangalie kabla hujagusa kitu. Ada yake itakuuma, lakini karatasi yake ni kitu unachoweza kumwonesha mnunuzi.

Kisha chumvi. Utaiona kama unga mweupe chini ya ukuta, kwenye futi mbili za mwanzo, na rangi ikibambuka kama ngozi ya nyoka. Maji yaliyomo ardhini hupanda kwenye ukuta usiowekewa kizuizi juu ya msingi, yanabeba chumvi, yanakauka kwenye uso wa lipu na kuiacha hapo. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kupaka rangi ya mafuta juu yake kwa kudhani itaziba. Inaziba kweli, na unyevu ukikosa pa kutokea unaisukuma rangi ivimbe kama andazi. Pakwanguliwe pakiwa pakavu, chumvi ifagiliwe na kutolewa nje wala isioshwe kwa maji, lipu iliyooza ibomolewe na kupigwa upya, ipewe wiki tatu au nne ikauke, ndipo ipakwe rangi ya maji ya nje inayopitisha hewa. Ndiyo sababu ukuta huu uanze wiki ya kwanza ya Septemba, hata kabla ya paa, ili ukauke wakati kazi nyingine zinaendelea.

Maji ya bomba nayo. Dodoma imetegemea kwa miongo visima vya Mzakwe, na kila mwenyeji anajua kwamba maji yetu ni magumu na yana chumvi, yanaacha ukoko mweupe kwenye koki, birika na kichwa cha bafu, na kwamba mgao upo. Mnunuzi makini ataingia bafuni na kufungua koki kabla hajaangalia chumba kikubwa. Ukoko hutoka kwa siki au maji ya ndimu: loweka kichwa cha bafu usiku mzima, na koki zifunge kitambaa kilichoroweshwa siki kwa saa kadhaa. Asidi ya kusafishia choo usiipeleke kwenye koki wala kwenye sakafu ya terazo, itakula mng'aro wake na hautarudi. Koki zinazodondosha zibadilishwe washa, ule mpira mdogo wa ndani, na usiku mmoja mfunge kila kitu, msome mita ya maji kabla ya kulala na tena alfajiri. Ikiwa imesogea, kuna bomba linalovuja chini, na huenda ndilo hilo hilo linalolowesha msingi upande mmoja na kuleta ufa.

Tangi lenu la lita 5,000 hulisemi vizuri katika barua yako, unalitaja kama kitu cha kawaida, lakini kwa mnunuzi huyu ni mali. Lisafishwe ndani, liwe na mfuniko, na muhimu zaidi liunganishwe na gata, yaani mfereji wa ukingoni mwa paa unaokusanya maji ya mvua. Fanya hesabu hii mbele yake: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa lenu lina takriban mita 150 za mraba, Dodoma hupata kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na hata ukitoa moja ya tano kwa yanayopotea, linakusanya lita 66,000 au zaidi kwa msimu. Mvua ya milimita 42 tu inalijaza tangi hilo lote. Gata moja upande wa nyuma inafanya kazi tatu kwa mkupuo: inajaza tangi, inakausha msingi, na inampa mtu wa Dar es Salaam usingizi.

Mengine ni ya haraka. Soketi zinazoning'inia zifungwe na fundi umeme mwenye leseni. Shimo la maji taka likikaribia kujaa liitiwe gari la kunyonya, na mfuniko uliopasuka ubadilishwe. Kodi ya jengo ya shilingi 1,500 kwa mwezi inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo angalia kama mita yenu ya umeme haina deni lililolala. Fremu za milango zigongwe kwa kidole kutoka chini kwenda juu; penye sauti ya uwazi mchwa wameshakula, na fremu hiyo ibadilishwe, isizibwe kwa puti.

Rangi inakuja mwisho, Oktoba, na ichukue rangi moja nyepesi kwa nyumba nzima ya ndani, krimu au nyeupe iliyovunjika. Ndoo ya lita 20 hufunika takriban mita 80 hadi 100 za mraba kwa mikono miwili kwenye ukuta laini, na pungufu ya hapo kwenye ukuta wenye kukwaruza, kwa hiyo pima kuta mwenyewe kabla fundi rangi hajakuletea idadi ya ndoo. Kuta za jikoni zenye masizi ya mkaa zioshwe kwanza kwa maji ya sabuni na zikauke. Kwa nje, pakeni asubuhi, maana kuanzia mchana upepo wa miezi hii huinua vumbi na kulibandika kwenye rangi mbichi, na ukuta unakuwa msasa. Na msipake kiraka. Mkaguzi akikuta ukuta mmoja mpya katikati ya kuta za zamani, swali lake la kwanza ni kwa nini huu tu.

Uwanja wa mbele usawazishwe, ushindiliwe, na njia ya kutoka getini hadi kibarazani iwekewe changarawe, inatosha. Pevingi iliyolazwa na fundi asiyejali mteremko hurudisha maji yote ya mvua ukutani, na nimeona nyumba nzuri iliyoharibiwa hivyo ndani ya msimu mmoja. Mzabibu usikatwe hata kidogo. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwenye Machi na tena Agosti hadi Septemba, kwa hiyo mkimaliza kuchuma mavuno haya upogoleni, mfunge matawi vizuri juu ya banda, na kufikia Oktoba utakuwa umetoa majani mapya ya kijani wakati mji mzima ni wa kahawia. Dalali anaona uchafu wa majani makavu. Mnunuzi atakayeegesha gari saa nane mchana ataona kivuli.

Kwa fedha zenu ningegawa hivi: milioni 1 kwa paa, gata na dari iliyoharibika, laki 8 kwa kuta na zege la nje, laki 3 kwa mabomba na koki, laki 6 kwa rangi, na laki 3 zikae kando bila kutajwa kwa fundi yeyote, kwa sababu paa la miaka thelathini likifunguliwa huwa lina la kusema.

Swali lako la mwisho lilikuwa kama umweleze mnunuzi kuhusu ufa wa chumba cha kulala ilhali dalali amekukataza. Mweleze. Kabla fundi hajaushika, upige picha ukiwa na rula pembeni yake ili upana uonekane, upige tena ukiwa umefunguliwa, na tena zege la nje likimwagwa, kisha hifadhi risiti za kazi hiyo pamoja na zile za mwaka 1996. Mnunuzi akiuliza, na akiwa na mtu kama mimi atauliza, utamwonesha sababu, kazi iliyofanyika na tarehe yake, naye hatakuwa na la kukisia. Picha hizo zitume pia kwenye simu ya mmoja wa watoto, kwa kuwa ya kwako, kama ulivyoandika, imeshaingia kwenye ndoo ya maji mara mbili mwaka huu.